Kuhamishia wafanyakazi wanne tawi la Dubai: naomba mwongozo kabla hatujakata tiketi

#1 MzigoKkoo

Wakuu, habari za majukumu. Kampuni yetu inakusanya mizigo Dubai na kuileta Dar kwa meli na ndege. Ofisi kuu ipo Kariakoo, nyingine ndogo ipo Mombasa. Sasa tumepata leseni Dubai kwenye eneo huru la biashara, ile ya meza moja ya kushirikiana na kampuni nyingine, na uongozi umeamua watu wanne wahamie huko kwa miaka miwili:

– msimamizi wa ghala, miaka 8 kazini, ana mke na watoto wawili, mkubwa yupo darasa la nne;
– mhasibu, mwanamke, hajaolewa, anakatwa mkopo wa elimu ya juu (HESLB) kwenye mshahara;
– karani wa forodha, mzaliwa wa Unguja, ana mke;
– mtu wa huduma kwa wateja kutoka Mombasa, raia wa Kenya.

Mpango uliopo mezani ni huu: waingie kwa viza ya matembezi, waanze kupokea mizigo kwenye ghala tulilokodi Deira, na viza za kazi zishughulikiwe wakiwa huko huko. Mshahara uendelee kuingia benki Dar kwa shilingi, na kila mwezi wapewe posho ya dirhamu ya kula na kulala. Kila mmoja aandike barua ya kuacha kazi huku ili faili lake lifungwe. Safari ni baada ya wiki tano. Nimekabidhiwa kulisimamia, naomba wenye ujuzi mnionyeshe mashimo yalipo.

#2 Mandubu_Deira

Mkuu, simamisha viza ya matembezi leo hii. Kufanya kazi bila kibali ni kosa la mwajiri kabla halijawa la mfanyakazi. Tangu sheria ya kazi ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2024, faini ya kumtumikisha mtu bila kibali ni kati ya dirhamu 100,000 na 1,000,000. Dirhamu imefungwa kwa dola, dola moja ni 3.6725, kwa hiyo hata kiwango cha chini kabisa ni zaidi ya dola 27,000. Ghala la Deira linalopakia makontena mchana kweupe halijifichi kwa mkaguzi.

Shimo la pili ni kubwa kuliko hilo na sidhani kama limeonekana huko Kariakoo: leseni yenu ni ya eneo huru, ghala lenu lipo Deira. Deira ni mjini, siyo ndani ya uzio wa eneo huru. Mtu mwenye kibali cha eneo huru anafanya kazi ya leseni hiyo. Kumweka siku zote kwenye ghala la mjini bila leseni au kibali cha Idara ya Uchumi na Utalii ya Dubai ni sawa na kutokuwa na kibali. Na meza ya kushirikiana ina viza chache sana, kwa sababu idadi ya viza hufuata ukubwa wa ofisi uliyokodi. Uliza mamlaka ya eneo lenu kwa maandishi: mna nafasi ngapi? Huenda wanne hawaenei.

Njia ni mbili. Ama mhamishe ghala liingie ndani ya eneo huru na kupanua ofisi, ama mchukue leseni ya mjini ya tawi na watu wasajiliwe Wizara ya Rasilimali Watu na Uemirati, ile tunayoiita MOHRE. Kwa kazi ya kupokea mizigo midogomidogo ya wateja wanaonunua Deira na kuileta wenyewe mlangoni, mimi ningechukua leseni ya mjini. Mteja aliyenunua viatu boksi tatu hawezi kuvipeleka Jebel Ali, kwenye eneo huru lililo mbali na mji.

Mpangilio wa viza ukishapata leseni sahihi: ofa ya kazi hutolewa kwenye mfumo wa MOHRE kupitia kituo cha huduma zake, Tasheel, na mfanyakazi anaisaini akiwa bado Dar, kibali cha kazi kinatoka, kibali cha kuingia nchini kinatoka, anasafiri, anapimwa afya (damu na picha ya kifua), anatoa alama za vidole kwa ajili ya Emirates ID, ukaazi unakamilika. Akishaingia na kibali ana siku 60 za kumaliza hayo. Stika ya viza kwenye pasipoti haibandikwi tena tangu 2022, kwa hiyo kadi ya Emirates ID ndiyo inayomthibitisha kuwa mkaazi. Asiipoteze.

#3 Wakili_Kisutu

Naongeza upande wa mikataba.

Barua ya kuacha kazi isiandikwe. Anayejiuzulu mwenyewe anaacha nyuma haki ya kiinua mgongo chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, ambacho ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10. Msimamizi wako wa ghala ana miaka 8, maana yake siku 56. Siku 56 siyo fedha nyingi kwa kampuni, ila kumwambia mtu ajiuzulu kwa ajili ya uhamisho aliouanzisha mwajiri ndiko kunakozaa kesi za CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mwamuzi atauliza swali moja: nani alitaka ajira hii iishe?

Kwanza tazama hati ya kampuni ya Dubai. Kama ni tawi hasa, basi mwajiri ni yuleyule kisheria na huyu mtu amehamishwa kituo. Kama jina linaishia na FZE au FZCO, hiyo ni kampuni nyingine yenye nafsi yake, hata kama mwenye mali ni mmoja. Hapo mtu *anaazimwa*, na panahitajika makubaliano ya pande tatu: kampuni ya Dar, kampuni ya Dubai na mfanyakazi.

Makubaliano hayo yaseme bila kuzunguka:

Ajira ya Dar imesimamishwa kwa muda gani, na miaka ya kazi inahesabika au haihesabiki. Anarudi kwenye cheo gani na mshahara upi, siyo "cheo kitakachokuwepo". Nani ana mamlaka ya kumwadhibu na kwa kanuni za nchi gani. Nani anamrudisha nyumbani kazi ikikatika njiani, akiugua, au akifiwa. Na kipengele ambacho wengi hukiacha: tawi likifungwa mwezi wa nane, anarudi Dar akiwa mfanyakazi au anarudi akiwa mtafuta kazi?

Mahakama na wizara ya Dubai zitaangalia mkataba uliosajiliwa kwao, na maneno ya Kiarabu yakipingana na ya Kiingereza, Kiarabu ndicho kinachoshinda. Kwa hiyo barua ya pembeni iliyoandikwa Kariakoo haitamsaidia kudai posho ya nyumba kule. Kila ahadi yenye fedha iingie kwenye mkataba uliosajiliwa.

#4 Hesabu_Kamili

Mshahara wa shilingi Dar pamoja na posho mkononi haufai, na sababu ni ya kiufundi. Kampuni iliyosajiliwa MOHRE hulipa mishahara kupitia mfumo wa ulinzi wa mishahara, WPS: fedha zinapita benki au duka la kubadilisha fedha lenye leseni, na mfumo unalinganisha kilicholipwa na kilichoandikwa kwenye mkataba. Ukilipa Dar, mfumo unasoma kwamba hujalipa kabisa. Siku 15 baada ya tarehe ya mshahara unahesabika umechelewa, baadaye mnafungiwa vibali vipya. Posho ya mkononi haina ushahidi, na siku ya ugomvi itakuwa kana kwamba haikuwahi kutolewa.

Sasa mgawanyo wa mshahara. Falme za Kiarabu zinahesabu kiinua mgongo kwa mshahara wa msingi tu: siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza, siku 30 kwa kila mwaka unaofuata, na jumla isizidi mishahara ya miaka miwili. Lazima awe ametimiza mwaka mmoja. Chukua mtu wa dirhamu 9,000 kwa mwezi:

Msingi 3,000, posho 6,000: siku moja ni 100, mwaka ni 2,100, miaka miwili ni 4,200.
Msingi 5,400, posho 3,600: siku moja ni 180, mwaka ni 3,780, miaka miwili ni 7,560.

Mshahara wa mwezi ni uleule, mwisho wa safari kuna tofauti ya 3,360. Siku za likizo zisizotumika nazo hulipwa kwa msingi. Mwambie kila mmoja asome mstari huo kabla ya kusaini ofa, maana akishasaini amekubali.

#5 MzigoKkoo

Wakuu nawashukuru sana. Leseni nimeitazama, inaishia FZCO, kwa hiyo ni kuazimwa. Uongozi umekubali kufuatilia leseni ya mjini, na barua za kuacha kazi zimefutwa.

Maswali mawili. Moja, kuhusu mshahara wa msingi, wenzetu kwenye biashara hii wanaweka msingi mdogo, je kuna kiwango? Mbili, kodi: Dubai hakuna kodi ya mshahara, sasa TRA wanaingiaje?

#6 Hesabu_Kamili

Asilimia maalumu ya msingi sheria haijaweka. Zaidi ya nusu ya jumla ni haki kwa mtu mliyemtoa kwake. Yeye kule hana mfuko wa pensheni, kiinua mgongo ndiyo akiba yake pekee.

Kodi ndiyo inayowakuta watu wakiwa wamelala. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inamwita mtu mkaazi wa Tanzania kwa mwaka husika akiwa na moja kati ya haya: ana makazi ya kudumu nchini na amekuwepo nchini kwa sehemu yoyote ya mwaka huo, au amekuwepo siku 183 au zaidi, au amekuwepo mwaka huo, na wastani wa siku zake kwa mwaka huo na miwili iliyotangulia unazidi 122. Mkaazi hutozwa kwa mapato yake ya dunia nzima.

Wengi wanazijua siku 183 na kuishia hapo. Sasa mtazame msimamizi wako: nyumba yake Dar ipo, familia imebaki humo miezi sita ikisubiri, yeye anakuja wiki mbili za Desemba. Sharti la kwanza linamgusa. Na kwa kuwa Dubai hakulipa kodi ya mshahara, hana risiti ya kupunguzia deni la huku. Kwa hiyo kabla ya safari: mshauri wa kodi aliyesajiliwa aandike maoni kwa kila mtu peke yake, siyo moja kwa wanne, tarehe za kutoka na kuingia zihifadhiwe na mihuri yake, na akitimiza siku 183 kule aombe cheti cha ukaazi wa kodi kutoka mamlaka ya kodi ya kule, Federal Tax Authority. Makadirio yafanyike kwa mwaka wa kalenda. Anayeondoka Machi na anayeondoka Agosti hawapo kwenye mizani moja mwaka huo wa kwanza.

NSSF: mchango ni asilimia 20 ya mshahara, sehemu ya mfanyakazi isizidi 10. Pensheni ya uzee inataka michango isiyopungua 180, yaani miaka 15. Ukisimamisha miaka miwili umemsogezea mtu pensheni kwa miezi 24. Kampuni ikubali kuendelea kuchangia kwa mshahara wa Dar, au imsaidie aingie uchangiaji wa hiari. Liandikwe kwenye yale makubaliano ya pande tatu aliyoyasema Wakili.

Mhasibu wenu na HESLB: makato ya asilimia 15 ya mshahara wa msingi yanafanywa na mwajiri wa Dar. Orodha ya mishahara ikimtoa, makato yanakatika na deni linabaki. Aombe namba ya malipo alipe mwenyewe kila mwezi, na kampuni iwaarifu HESLB kwa barua kwamba ameazimwa. Vivyo hivyo mikopo ya benki inayokatwa kwenye mshahara, na SACCOS. Benki ikiona mshahara haujaingia miezi mitatu haimtafuti Dubai, inamtafuta mdhamini wake Mbagala.

#7 PwaniKE

Kwa huyo ndugu wa Mombasa kuna jambo lake la pekee. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 ina sehemu nzima ya mkataba wa kazi ya nje ya nchi, kuanzia kifungu cha 83. Mkataba huo ni sharti uthibitishwe na afisa wa kazi, naye huridhika kwanza kwamba mfanyakazi ameridhia bila kushurutishwa, ana afya ya kuifanya kazi hiyo, na hafungwi na mkataba mwingine. Sheria pia inazungumzia dhamana ya mwajiri aliye nje. Nendeni ofisi ya kazi Mombasa mapema na nakala ya ofa.

Stakabadhi zake zapitia Nairobi, si Dar: wizara ya mambo ya nje ya Kenya, kisha ubalozi wa Falme za Kiarabu Nairobi. Cheti cha tabia njema huombwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, halafu mtu aenda kutiwa alama za vidole. Mkimpeleka Dar na vyeti vya Kenya mtarudishwa. Na sharti la makazi ya kudumu kwenye kodi, lile la kuwa na nyumba na kuonekana nchini hata kidogo, Kenya nayo inalo.

#8 BiUtumishi

Habari zenu ndugu zangu. Wiki tano hazitoshi. Wiki kumi na mbili ndiyo kipimo cha kweli, na zinazokula muda ni karatasi, siyo viza.

Anza na majina. Weka pasipoti, cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa na vyeti vya shule mezani kwa pamoja, soma herufi kwa herufi. Pasipoti ina majina matatu, cheti cha shule kina mawili, cheti cha ndoa kimeandika "Mohamed" na pasipoti "Mohammed". Kule wanalinganisha na pasipoti tu. Tofauti ndogo hutibiwa kwa kiapo cha wakili kabla ya mihuri mingine. Ikigundulika baada ya mihuri, unaanza upya na unalipia upya.

Pasipoti: sharti la kuingia ni miezi sita, lakini kwa ukaazi wa miaka miwili pendelea isiyopungua miaka miwili na nusu, vinginevyo mtu atakuwa anahangaikia pasipoti mpya ugenini.

Mihuri kwa Tanzania Bara: cheti cha kuzaliwa na cha ndoa vihakikiwe RITA, wakala wa usajili wa Bara, kisha Wizara ya Mambo ya Nje, kisha Ubalozi wa Falme za Kiarabu Dar, na mwisho wizara ya mambo ya nje ya kule. Apostili, ule muhuri mmoja wa kimataifa, haitumiki huko, usikubali mtu akuuzie. Shahada ya ndoa iliyotolewa msikitini au kanisani peke yake haitoshi, mpaka ndoa iwe imesajiliwa na cheti kimetoka. Karani wenu wa Unguja, kama ndoa na kuzaliwa vimesajiliwa huko, aende Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar, siyo RITA. Hili hupoteza wiki nzima kwa wasiolijua.

Vyeti vya elimu vinategemea cheo mtakachoandika kwenye kibali. MOHRE wana orodha ya kazi kwa ngazi za ujuzi. "Mhasibu" itadaiwa shahada au stashahada yenye mihuri. "Karani" itadaiwa kidogo zaidi. Msichague cheo kikubwa kwa ajili ya heshima kama mtu hana cheti chake, na msimshushe mhasibu mwenye shahada awe karani ili kukwepa mihuri. Cheo hicho ndicho kinachoonekana atakapoomba kuhamisha kazi.

Sasa vipimo vya afya, na hapa naomba mnisikilize. Damu inapimwa VVU, kifua kinapigwa picha kutafuta kifua kikuu. Mwombaji mpya anayekutwa na VVU hapewi ukaazi, anarudishwa. Kovu la kifua kikuu cha zamani huleta vipimo vya ziada. Kwa hiyo mtu ajijue kabla hajahamisha maisha yake, lakini mwajiri hana haki ya kujua: Sheria ya VVU na UKIMWI ya Tanzania ya 2008 inakataza kumlazimisha mtu kupima. Njia ya heshima ni kuwapa wote wanne fedha ya kipimo cha hiari katika hospitali wanayoichagua wenyewe, majibu yabaki kwao, na barua ya uhamisho iseme wazi kwamba mtu anaweza kujitoa hadi siku fulani bila kutoa sababu na bila kupoteza nafasi yake Dar. Kipengele hicho kinaokoa watu na aibu wasiyostahili.

Dawa nazo: tramadol, kodeini, diazepam na jamii zake zinadhibitiwa vikali. Anayezitumia kwa cheti cha daktari aombe kibali cha mamlaka za kule kabla ya safari, abebe cheti na dawa kwenye kasha lake la awali. Mirungi haigusiki hata jani moja.

#9 Kaka_Forodha

Mimi natofautiana kidogo na Wakili. Kwa kampuni ndogo, kusimamisha mkataba wa Dar kunaacha kamba mbili shingoni. Lipa kiinua mgongo cha Dar chote, funga ajira kwa makubaliano, mtu aanze upya Dubai. Ni safi zaidi.

#10 Wakili_Kisutu

Hoja ina uzito, Kaka, na kwa uhamisho wa moja kwa moja ningeikubali. Lakini mwanzisha uzi amesema miaka miwili na kurudi. Ukifunga ajira, siku 56 zinalipwa, ila mtu anaporudi ni mgeni: kwenye kazi mpya anaweza kuwekwa majaribio tena, na miaka yake minane imezikwa. Tena mkataba wa Dubai nao una majaribio ya hadi miezi sita, ambamo mwajiri anaweza kumwachisha kwa notisi ya siku 14. Hebu mpige picha aliyefunga ajira Dar mwezi wa kwanza, akaachishwa Dubai mwezi wa tano. Hajatimiza mwaka, kwa hiyo kiinua mgongo cha kule hana. Huku hana kazi. Kama mnachagua njia yako, basi kipindi cha majaribio kiondolewe kwenye mkataba wa Dubai na ahadi ya kurudishwa iandikwe. Bila hayo mawili siwezi kumshauri mfanyakazi asaini.

#11 Kaka_Forodha

Hapo kwenye majaribio umenishika. Nimekubali.

#12 Mandubu_Deira

Nyumba. Wengi hupanga bajeti ya kodi ya mwezi, wakati Dubai kodi ni ya mwaka na hulipwa kwa hundi za tarehe za mbele, moja hadi nne, wenye nyumba wachache hukubali zaidi. Tuseme chumba na sebule kwa dirhamu 60,000 kwa mwaka, hundi nne:

hundi ya kwanza 15,000;
amana 5% (nyumba tupu), 3,000; ikiwa na samani huwa 10%;
dalali 5% pamoja na VAT yake, 3,150;
amana ya DEWA ya umeme na maji, 2,000 kwa fleti;
usajili wa mkataba wa pango (Ejari), kama 220.

Jumla inapita 23,000 kabla godoro halijaingia. Na kila mwezi bili ya DEWA inabeba ada ya nyumba ya manispaa, 5% ya kodi ya mwaka ikigawanywa kwa 12, hapa 250. Uliza pia kiyoyozi: kama jengo linatumia ubaridi unaosambazwa na kampuni kwa mtaa mzima, kuna amana yake na bili yake tofauti. Julai na Agosti bili hiyo inauma.

Kikwazo ni mzunguko: hundi inataka akaunti ya benki, akaunti inataka Emirates ID, Emirates ID inataka vipimo. Kwa hiyo kampuni ikodi fleti ya hoteli ya mwezi mmoja na nusu kwa jina lake, mshahara wa kwanza upite kwenye kadi ya WPS ya duka la fedha, na mkopo wa kulipia pango utolewe na kampuni ukikatwa taratibu. Msiwaache waende kujibana kwenye vyumba vilivyokatwa mbao Deira. Hundi ikigonga mwamba, tangu 2022 si jinai moja kwa moja, lakini mwenye nyumba anaipeleka mahakamani kukazia malipo bila kesi ndefu.

Samani msizisafirishe. Vyombo vya umeme vinabebeka, volti na plagi ya pini tatu ni zilezile za nyumbani. Leseni ya Tanzania haibadilishwi moja kwa moja, msimamizi wa ghala ataanza shule ya udereva na usukani upo kushoto, kwa hiyo dereva wa gari la mizigo aajiriwe kule kule. Kuanzia Juni 15 hadi Septemba 15 kazi za juani zimekatazwa saa 6:30 mchana hadi saa 9:00 alasiri. Ratiba ya kupakia makontena ifuate hilo.

#13 Mwl_Shabani

Kuhusu familia ya msimamizi. Kumdhamini mke na watoto kunahitaji mshahara wa dirhamu 4,000, au 3,000 pamoja na makazi, cheti cha ndoa na vya kuzaliwa vyenye mihuri yote, na Ejari ya nyumba. Bima: Dubai inamlazimisha mwajiri kumkatia mfanyakazi, familia ni juu ya mdhamini, yaani yeye. Abu Dhabi mpango ni mwingine, msichanganye mnaposoma mtandaoni. Uliza kampuni kama italipia, na iandikwe.

Shule: mwaka wetu unaanza Januari. Shule za mtaala wa Uingereza na Marekani huko huanza mwisho wa Agosti, za mtaala wa India huanza Aprili. Mtoto wa darasa la nne akiondoka Oktoba anaukosa mtihani wa taifa wa darasa hilo na anaingia katikati ya muhula wa watu. Kama inawezekana baba atangulie, mtoto amalize Novemba, familia ifuate. Abebe cheti cha uhamisho kilichothibitishwa, ripoti za miaka miwili na kadi ya kliniki ya chanjo. Madarasa hupangwa kwa umri, msishtuke akipangwa tofauti. Ada ziangaliwe kwenye tovuti ya KHDA, mamlaka inayosimamia shule binafsi Dubai, wanaweka shule zote na viwango vyake.

Ila kumbukeni alichosema Hesabu: familia ikibaki Dar na baba akaja Desemba, suala la makazi ya kudumu linafufuka. Tarehe ya familia kuhama impelekewe mshauri wa kodi pia.

#14 MzigoKkoo

Wakuu, mmeniokoa. Ratiba mpya ni hii, naomba muikosoe:

Wiki 1–2: leseni ya mjini ianze, majina yakaguliwe, fedha za kipimo cha hiari zitolewe, siku ya mwisho ya kujitoa iwe wiki ya 4. Wiki 2–7: mihuri, wa Bara RITA, wa Unguja kwao, wa Mombasa Nairobi pamoja na afisa wa kazi. Wiki 3: kutafsiri vyeti kwa Kiarabu hapa Dar ili kuokoa muda. Wiki 5: makubaliano ya pande tatu, bila kipindi cha majaribio. Wiki 6: maoni ya kodi, barua za HESLB na benki. Wiki 8–10: ofa na vibali. Wiki 11: tiketi, wawili kwanza (karani na mhasibu), wengine wiki mbili baadaye. Familia Desemba.

#15 BiUtumishi

Tafsiri iondoe hapo wiki ya 3. Mtafsiri anatafsiri karatasi pamoja na mihuri iliyopo juu yake. Ukitafsiri kabla ya ubalozi, mihuri ya baadaye haimo na tafsiri inakataliwa. Tena wanataka mtafsiri mwenye leseni ya Wizara ya Sheria ya huko. Ifanyike Dubai, baada ya muhuri wa mwisho. Ni kazi ya siku moja au mbili.

#16 Mandubu_Deira

Na wa kwanza kuondoka awe mtu wa huduma kwa wateja pamoja na karani, mhasibu afuate. Mhasibu hana vitabu vya kuandika mpaka akaunti ya kampuni ifunguliwe, na benki za huku huchukua wiki kadhaa kuchunguza kampuni mpya. Mengine mawili: mwajiri haruhusiwi kushika pasipoti za watu, kwa hiyo msimwagize meneja "azitunze" kabatini. Na gharama za viza na vibali ni za kampuni kisheria, zisikatwe kwenye mshahara hata kwa makubaliano. Bima ya kupoteza kazi tu ndiyo mfanyakazi anajilipia, dirhamu 5 kwa mwezi kwa mwenye msingi usiozidi 16,000.

#17 MzigoKkoo

Tafsiri imehamia wiki ya 12, Dubai. Mhasibu amehamia kundi la pili. Uongozi uliuliza kuhusu pasipoti leo asubuhi, nimewaonyesha jibu lako.